Maduara ya Chaki ya Njano

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kukata magari ambayo hayakuwa na ubaya wowote. Watu wengine wakipata gari kuukuu hulitengeneza lirudi lilivyokuwa. Yeye alitaka liwe vile lilivyostahili kuwa tangu mwanzo, kama aliyelichora angepewa muda zaidi wa kufikiri. Alilishusha likalala karibu na ardhi, akalipunguza kimo cha paa, akaling'oa taa na kulipandikizia za gari jingine, akaitoa injini iliyochoka na kuweka ya lori dogo. Alipomaliza, hata mtu aliyepanda gari lile tangu utotoni alilizunguka mara mbili kabla ya kulitambua.

Alifanya kazi katika uwanja mmoja na mafundi wengine kumi na kitu, kila mmoja chini ya bati lake: wa injini, wa umeme, wa rangi, wa radieta. Wao ndio waliompa jina la Milimita. Wenzake walikata chuma kwa macho, kisha wakakipiga nyundo mpaka kikubali. Yeye alipima, akapima tena, akamwambia aliyeshika grenda, "Toa milimita moja." Akija kupima anasema, "Hii ni moja na nusu. Hiyo nusu umeitoa kwa ruhusa ya nani?"

Alijifunzia chuma katika kiwanda cha kuunda mabasi, alikopiga mabati yaliyonyooka kwa miaka tisa. Siku moja kwa kinyozi alikuta gazeti la zamani lililochanika jalada, ndani yake picha ya gari jeusi, fupi, lililoinama mbele kama paka anayenyemelea. Aliniambia kwamba alisahau kunyoa. Alirudi nyumbani na nusu ya kichwa imenyolewa na ukurasa ule mfukoni, na dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wake tu, alimuuliza kama amepigana. Mwaka uliofuata aliacha kiwanda.

Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu niliishi kwao miaka mitatu, kwa hiyo kazi yake niliiona kwa karibu. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa la paa. Mtu akiona gari lililopunguzwa kimo hudhani zimekatwa nguzo nne tu na paa likashushwa. Lakini nguzo za mbele zimelala. Ukizifupisha, paa linabaki fupi, halifiki tena kwenye kioo. Inabidi ulipasue katikati, uongeze ukanda wa bati, kisha uufiche mshono usionekane hata na aliyeushona. Alinionyesha kwa boksi la viatu na mkasi, mezani, na dada yangu akasema, "Boksi hilo lilikuwa na viatu vyangu."

"Sasa vina gari," akajibu.

Jambo la pili lilikuwa la chaki.

Gari la namna ile halichomelewi moja kwa moja. Kila kipande hushikizwa kwanza kwa nukta: unagusa chuma kwa moto mara moja, kinashika kwa tone lisilozidi punje ya mtama. Kisha unarudi nyuma, unatazama, unafungua na kufunga milango. Usipoyapenda unayoyaona, pigo moja la tindo linakiachia kipande, unaanza upya. Bodi nzima ikishakaa sawa ndipo unarudia kiungo kimoja baada ya kingine na kuchomelea kikamilifu. Hatari iko hapo katikati. Kipande kilichoshikwa kwa nukta kinakaa imara kwa mkono, ukikisukuma hakitikisiki, na ukikipaka rangi hakuna atakayejua. Ndiyo maana kila palipokuwa na nukta alipazungushia duara la chaki ya njano. Akimaliza kuchomelea mahali, alifuta duara kwa kidole gumba. Kidole hicho kilikuwa cha njano siku zote, hata mezani, hata kwenye picha yao ya harusi.

Sheria ilikuwa moja. "Aliyechomelea ndiye anayefuta. Mke wangu hafuti. Mwenye gari hafuti. Mvua ikifuta nitaigombeza."

Dada yangu alikuwa fundi wa viti. Alikuwa na cherehani nzito ya kushonea ngozi pembeni ya karakana, na mimi siku za likizo nilimsaidia kukata sponji na kubandika mazulia. Mafundi waliniita Msomi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja na jina lile nilikuwa nikilipenda kuliko nilivyoonyesha.

Gari la kisa hiki lilikuwa la daktari wa meno: refu, la zamani, lenye mapezi mawili nyuma kama samaki. Shemeji alilifanyia kazi miezi kumi na minne. Mwenye gari alikuwa alichukue Jumamosi, lakini Alhamisi asubuhi alipiga simu kwamba anasafiri, angeomba alipate Ijumaa mchana. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Dada alikuwa bado anamalizia kushona viti. Kazi ya sakafu nikapewa mimi peke yangu: kubandika tabaka la pamba nzito la kuzuia kelele, na juu yake zulia.

Gundi ile haishiki kwenye vumbi na mafuta. Nikachukua thina, ile ya kuyeyushia rangi, na tambara, nikasafisha sakafu kuanzia mbele hadi nyuma. Mahali pa kiti cha abiria palikuwa na vibao vinne vya chuma, ambamo boliti za kiti huingia, na kila kibao kilikuwa na duara lake. Ningependa kuandika kwamba sikuyaona. Niliyaona. Tambara liligeuka njano mkononi mwangu nikaliona na lenyewe. Nikajiambia, sakafu ikikauka nitamwomba chaki niyachore upya, maana chaki ilikuwa mfukoni mwake na yeye alikuwa nje akizungumza na fundi wa umeme. Nikaanza kupaka gundi kwenye pamba.

Gundi ya namna ile unaipaka, kisha unasubiri dakika kumi mpaka iache kushika kidole. Nilikuwa nasubiri nilipomwona shemeji anaingia na tochi kufanya hesabu yake ya mwisho ya maduara yaliyobaki. Alilizunguka gari lote akisema kwa sauti, kama kawaida yake.

"Boneti, hamna. Nguzo ya kulia, hamna. Nguzo ya kushoto... huyu hapa amejificha." Akavaa kofia yake, akapachomelea, akafuta. "Kizingiti, hamna." Akaelekeza mwanga ndani, penye sakafu niliyoing'arisha. Mwanga ulipita juu ya vile vibao vinne taratibu, ukaenda, ukarudi.

"Sakafu, hamna. Sakafu tayari."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua mbili. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno aligeuka na kuwaita wenzake.

"Hebu njooni muone sakafu inavyosafishwa! Ninyi mnaotengeneza magari kama mnafuga kuku ndani. Njooni muone kazi ya Msomi!"

Wakaja wanne watano wakijifuta mikono. Fundi wa radieta akainama kuchungulia. "Sakafu nzuri," akasema, "ila brashi ya gundi kaishika kama anapaka mkate siagi."

"Wewe ukila huo mkate hutafungua tena mdomo," shemeji akasema, "na uwanja mzima utashukuru."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Lakini ningeyasema mbele ya wale wale waliokuwa wakinitazama kwa sifa, na ningesema kwamba nimeivunja sheria pekee iliyokuwepo. Gundi nayo ilikuwa imefikia wakati wake. Nikajiambia, huyu ni Milimita, atakumbuka mwenyewe. Nikaibandika pamba.

Ijumaa asubuhi alilitoa gari kulijaribu. Safari ya kwanza alikuwa akimchukua dada yangu daima. "Mwenye kiti akae kwenye kiti chake," ndivyo alivyosema. Mikanda ilikuwa haijafungwa bado. Hawakuwa na mwendo mkali. Kwenye kona ya pili alikatiza mwendesha baiskeli mwenye makreti ya mikate, shemeji akakanyaga breki, na kiti cha abiria kikang'oka kutoka sakafuni na dada yangu juu yake. Goti lake liligonga ukingo wa dashibodi, na dashibodi za zamani zilikuwa chuma kitupu. Mwendesha baiskeli alipoteza ndala moja.

Hospitalini daktari wa upasuaji alitoa vipande vya pia ya goti kimoja kimoja. Mchana shemeji alirudi karakanani, bado shati lina damu ya mkewe, akalichana zulia, akaing'oa pamba niliyoibandika. Mimi nilikuwa mlangoni. Vibao vilikuwa vimeinuka, na chini yake zile nukta, zilizokatika, ziking'aa kama vijino vya mtoto. Alipiga magoti pale. Kisha alikitazama kidole chake cha njano.

"Nimefuta bila kuchomelea," akasema.

"Shemeji," nikasema.

"Niache kidogo."

Nikamwacha kidogo. Kidogo hicho kimefika miaka ishirini na miwili.

Daktari wa meno alilipeleka gari kwa fundi mwingine likamaliziwe, wala hakusema neno baya, na jambo hilo lilimuumiza shemeji kuliko matusi. Yeye aliifunika mashine ya kuchomelea kwa gunia. Akageukia kazi za msasa, pati ya kuzibia mabonyeo, na rangi, kazi ambazo ukikosea gari linakuwa baya tu, halivunji mtu. Uwanjani jina lilibadilika bila mtu kutangaza. Nilikuja siku moja nikasikia mteja mgeni anaulizia, "Nukta yupo?" na shemeji akaitikia kutoka chini ya gari, "Yupo."

Lililokuwa baya zaidi lilikuwa nyumbani. Aliamini kwamba kichwa chake kimeanza kumwacha. Mtu anayeweza kufuta chaki bila kuchomelea, na asikumbuke kufuta, anaweza kusahau chochote. Alianza kuandika kila kitu kwenye daftari dogo: nimefunga maji, nimezima jiko. Alikuwa anarudi kutoka njiani kwenda kulitikisa kufuli. Alimuuliza dada yangu kama wameshakula. Mara mbili alikwenda hospitali kupimwa kichwa, mara mbili akarudi na karatasi isiyo na tatizo, akasema mashine zao hazioni vizuri.

Goti la dada halikukunjika tena. Kanyagio la cherehani alizoea kulikanyaga kwa mguu wa kulia, na ilimchukua miezi minne kuufundisha wa kushoto. Nakumbuka mishono ya kipindi kile, ilivyokwenda kama mlevi, na yeye anaifumua bila kusema kitu.

Na mimi? Nilimaliza chuo, nikaajiriwa, nikahamia mji mwingine. Nilikuwa mdogo mtu mwema. Nilimletea dada mkasi mzuri, bandeji za goti, kiti cha magurudumu alipofanyiwa upasuaji wa pili. "Mdogo wangu una moyo," alikuwa akisema, na mimi naangalia pembeni. Sababu za kunyamaza hazikuwahi kuniishia. Mwanzo, kwamba wana majonzi. Kisha, kwamba dada ni mjamzito. Kisha, kwamba kidonda kimefunga, ukikichokoa unakichokolea nini? Mwisho sikuhitaji sababu tena, maana kunyamaza kwenyewe kulikuwa kumekuwa kosa kubwa kuliko lile la tambara, na kulitaja lile kungelitoa na hili.

Mwaka mmoja baada ya ajali alianza kujiundia gari lake mwenyewe. La milango miwili, kutokana na mabaki ya magari matatu, likimkumbusha lile la gazetini. Kila bati alilipiga kwa mkono, na uzuri wake sijauona kwingine. Alilishikiza lote kwa nukta, kwa mashine ya kuazima. Nukta hakuiogopa, alisema nukta haimdanganyi mtu, kila anayeiona anajua haijamaliza. Kila nukta aliizungushia duara. Mvua na vumbi vilipoyafifisha aliyachora upya. Lakini kuchomelea hakuchomelea, wala hakumruhusu mwingine. Miaka ilipita, gari limesimama juu ya stendi nne, njano tupu. Mafundi walisema lina tetekuwanga.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu.

"Mwenye uwanja anautaka uwanja wake. Mwisho wa mwezi tutoke."

"Na gari?"

"Ndilo ninalokupigia. Gari lile ukilinyanyua juu ya lori linamwagika kama sahani kabatini. Lichomelewe au livunjwe. Kamwita mtu wa chuma chakavu, anakuja Jumamosi kulikata."

"Si amwachie fundi mwingine alichomelee?"

"Nimemwambia. Kasema mkono wa mtu hauazimwi." Nikasikia cherehani imesimama. "Mdogo wangu, njoo uongee naye. Wewe anakusikiliza. Mimi nikisema anadhani namwonea huruma. Akilikata lile gari, mimi namjua, hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi."

Nilifika Alhamisi mchana. Uwanja ulikuwa umeshaanza kuhama. Mabati ya wengine yamevuliwa, zimebaki nguzo. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya gari lake, anakunywa maji. Nywele zimekuwa nyeupe. Dada alikuwa ndani kivulini, anashona mfuko wa kuhamishia vifaa.

"Msomi!" akasema. "Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kukusalimu, shemeji."

"Kunisalimu siku ya kazi? Dada yako kakuita. Amekuita, hajakuita? Tazama anavyoinamisha kichwa." Akanisogezea ndoo nyingine. "Kaa. Ila nikuambie mapema, maneno matamu nimeshayasikia yote. Gari halichomelewi."

"Kwa nini usilichomelee wewe?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka uniambie."

Akacheka bila furaha. "Mwalimu huyu. Haya, nakujibu kama mwanafunzi. Nikianza kuchomelea nitafuta. Nikifuta nitasahau. Safari hii sina mke mwingine wa kumvunja goti."

"Unaye huyo huyo, limebaki moja," dada akasema kutoka ndani.

Walicheka wote wawili. Walikuwa wamecheka kwa kichekesho hicho miaka mingi, nilikitambua kwa jinsi kilivyotoka bila nguvu. Mimi sikuweza. Nilisema huku nikitazama ardhi, kwenye madoa ya mafuta.

"Chaki nilifuta mimi."

"Chaki gani?"

"Ya gari la daktari. Ya chini ya kiti cha dada. Hukufuta wewe. Nilifuta mimi, kwa thina, nilipokuwa nasafisha sakafu."

Aliweka chupa ya maji chini kwa uangalifu, kana kwamba ardhi ilikuwa imeinama. Alipouliza, aliuliza kifundi.

"Maduara yalikuwa mangapi?"

"Manne."

"Ukafuta yote?"

"Yote."

"Kabla sijahesabu?"

"Kabla."

"Nilipokuwa nahesabu ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako. Nimeshika brashi."

"Ukanisikia nasema sakafu tayari."

"Nilikusikia, shemeji."

"Na mimi nikakusifu."

"Ukanisifu."

Aliinuka. Alilizunguka gari lake zima polepole, mkono ukipita juu ya mabati bila kuyagusa, akarudi akasimama mbele yangu. Sikuwahi kumwona amekasirika mpaka siku ile; hasira yake ilikuwa ya sauti ya chini.

"Unajua kila asubuhi namuuliza mke wangu kama nimevaa viatu vya jozi moja? Kila asubuhi. Watoto wangu wamekua wakiona baba yao anaandika kwenye daftari kwamba amefunga mlango. Chaki ningekupigia kelele siku moja, ya pili ningekutania. Ungekuwa kichekesho cha uwanja huu mpaka leo, tungesema 'msimpe Msomi tambara'. Ungepungukiwa na nini?"

"Sina jibu."

"Tafuta. Umesoma."

Nilianza kulia. Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu zamani. Dada alitoka, akiutanguliza mguu mzima na kuuvuta ule mwingine, akashika nguzo ya mlango.

"Dada," nikasema.

"Goti ni langu," akasema. "Si lake yeye wala si lako. Mmelibeba wawili miaka yote hii bila kuniuliza. Na usinililie hapa. Ukilia nitakubembeleza kwa mazoea, na leo sitaki kukubembeleza."

Akarudi ndani. Nikajifuta uso kwa kiganja. Shemeji alikaa tena juu ya ndoo yake. Fundi wa umeme alipita akauliza kama kuna msiba, akajibiwa apite zake.

"Kesho saa nne," shemeji akasema mwishowe, "watakuwa kwenye chai. Utakwenda pale uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniambia. Vile vile, na thina yake. Walikuwepo nikikusifu, wawepo tena."

"Wengine wameshakufa, shemeji."

"Waambie waliobaki. Na wale wapya walionikuta naitwa Nukta, waambie na wao." Akaligeukia gari. "Maduara ni mia tatu na kumi na sita. Zimebaki siku kumi. Mwite mtu wa chuma chakavu, namba iko kwenye daftari, mwambie asije."

Sikulala kwao. Dada hakunikaribisha, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilitafuta nyumba ya wageni katika mji ule.

Asubuhi nilipofika shemeji alikuwa ameshaliondoa gunia juu ya mashine ya kuchomelea. Mashine yake ilikuwa na utando wa buibui ndani, fundi wa umeme aliisafisha na kubadilisha waya mmoja bila kuuliza maswali, ingawa macho yalikuwa yanauliza. Shemeji alijaribia kwenye vipande vya bati vilivyotupwa. Mshono wa kwanza ulitoka kama kinyesi cha njiwa. Aliutazama, akausaga kwa grenda, akarudia. Wa tano ulikuwa umenyooka nusu, wa nane nilidhani ni mzuri, naye akausaga pia. Hakunisemesha. Mara moja tu alisema, "Ondoka kwenye mwanga." Kisha akahamia kwenye gari, kwenye nguzo ya mbele, akachomelea, akainua kofia, akaangalia kwa muda mrefu, akafuta duara moja.

Saa nne mafundi walikusanyika kwenye benchi lao nje, chini ya bati pekee lililobaki upande ule. Walikuwa tisa, watano ni wa zamani. Fundi wa radieta sasa ni mzee, masikio yameliwa na nyundo, anasikia anachokitaka. Waliponiona walifurahi.

"Msomi! Karibu chai. Bado unashika brashi kama kisu cha siagi?"

Nikasema sitakunywa kwanza, nina jambo. Nilisimama. Nimefundisha miaka kumi na tisa, nimesimama mbele ya watu mamia kwa mamia, na pale mbele ya watu tisa wenye vikombe mikono yangu haikujua pa kukaa. Nikasema. Nilianza na tambara, na thina, na maduara manne. Nikasema nilivyosimama nyuma yake na nilivyonyamaza. Nikasema walivyocheka nami nikacheka. Nikasema kwamba kiti kile hakikung'oka kwa usahaulifu wa mtu yeyote.

Hakuna aliyenywa. Fundi wa umeme alikuwa ameshika mkate katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Kwa hiyo," akasema, "sisi tumemwita yule mtu Nukta..."

"Bure," nikasema.

"Miaka ishirini!"

"Na miwili," akasema mwingine, kisha akatazama chini, kama aliyesema neno la aibu.

Fundi wa radieta alikuwa amenisogelea mkono nyuma ya sikio, uso umekunjamana. Nyuma yangu mashine ya shemeji ilikuwa inanguruma bila kukoma, mwanga wake wa buluu ukipiga kwenye bati juu yetu.

"Mimi sijapata kitu," mzee akasema. "Hiyo mashine inapiga kelele. Nani kafuta nini?"

Niligeuka kumtazama shemeji. Alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha gari, kofia imemfunika uso. Bila shaka alituona sote tumemgeukia. Aliinua kofia kidogo, akatutazama, akaishusha, akaendelea kuchomelea.

"Sema tena, mama," fundi wa radieta akasema. "Sema kwa nguvu."

Nikaanza tena kutoka kwenye tambara, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara.